Muulize Fundi: const yako inaishia mpakani

Mwangaluka wasomaji wa Kanda ya Ziwa na wengine wote. Safari hii nimekusanya maswali yanayofanana, yaani mtu kaandika programu kwa lugha moja, anaita methodi iliyoandikwa kwa lugha nyingine, kule imeandikwa wazi, mara nyingi kwa neno const, kwamba parameta (kile unachoipa methodi) haitabadilishwa, halafu inabadilika. Twende moja kwa moja.

Swali: Shikamoo kaka fundi. Natengeneza programu ya mizani kwa mama mmoja anayenunua dagaa na sangara pale Mwaloni Kirumba. Upande wa skrini nimeandika kwa Python ila hesabu ziko kwenye laibrari ya C ambayo aliiandika rafiki yangu, naiita kwa ctypes, daraja la Python la kuita C. Kuna fankshani inapokea majina ya samaki kwenye stringi moja yenye koma, "dagaa,sangara,sato", na kwenye heda (faili linalotangaza fankshani) kaandika kabisa const char *, yaani anwani ya stringi ya kusomwa tu. Nikiita mara ya kwanza napata samaki wote, nikiita tena napata dagaa peke yake. Yeye anasema kwake inafanya kazi vizuri, eti tatizo ni Python. Nani mkweli? *Kijana wa Pasiansi*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Python muache, hana kesi hapo. Rafiki yako naye hakudanganyi akisema kwake inakubali, ila kwenye heda kaweka ahadi na ndani ya fankshani kaivunja. Kwa dalili hizo mimi naweka pesa yangu kwenye strtok, fankshani ya C ya kukata stringi. Strtok haikati stringi kwa kutengeneza vipande vipya pembeni, inaingia kwenye memori ileile uliyoipa na kila inapokuta koma inaweka baiti ya sifuri, na kwenye C baiti ya sifuri ndio mwisho wa stringi, kwa hiyo ukirudi mara ya pili yenyewe inasoma dagaa, inakuta sifuri, inafunga hesabu. Hebu printi ile stringi yako baada ya kuita mara ya kwanza, utaona imekuwa b'dagaa\x00sangara\x00sato'.

Sasa utauliza kompaila ilikuwa wapi. Ilikuwepo na ilisema! Strtok inataka char * isiyo na const, ukiipa yenye const kompaila ya C inatoa onyo, ya C++ inagoma kabisa, na watu wengi wakiona onyo wanaweka kasti ya char * mbele, yaani wanailazimisha kompaila ione aina nyingine, ili linyamaze na maisha yaendelee. Mwambie afungue faili atafute hiyo kasti, nina uhakika ipo.

Na kwanini kwake inakubali? Kwa sababu kwenye majaribio yake bila shaka kaweka majina kwenye array ndani ya fankshani, na array ya namna hiyo inajazwa upya kila fankshani inapoanza, kwa hiyo uharibifu wa mara ya kwanza haumfikii wa mara ya pili. Angepitisha stringi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye mabano, kwenye Linux programu ingekufa palepale manake stringi za hivyo zinakaa kwenye memori ya kusomwa tu. Kwako wewe ni tofauti, ile b"dagaa,sangara,sato" uliyoandika ndani ya fankshani ya Python inatengenezwa mara moja inatunzwa, kila ukiita unatuma kitu kilekile, na ctypes haikutengenezei kopi, inampa C anwani ya baiti zenyewe. Python inaamini bytes hazibadiliki kamwe na haina namna ya kujua kwamba kuna mtu kaingia kwa mlango wa nyuma. Na hapo umepata bahati kwamba umeona haraka, maana kama hizo bytes ungekuwa umezitumia kama ufunguo kwenye dikshenari, heshi yake (namba ya kuutafutia) inakuwa imeshahesabiwa na kutunzwa tangu mwanzo, maudhui yamebadilika heshi haijabadilika, ukitafuta kitu unachokiona kwa macho unaambiwa hakipo, utahangaika wiki nzima.

Kitu ninachotaka ukishike ni hiki, const ni makubaliano kati ya anayeandika na kompaila ya lugha yake tu. Ni sawa na kuandika kwa chaki kwenye gunia la dagaa "lisiguswe", mbeba mizigo anayesoma na mwenye adabu ataliacha ila gunia lenyewe halina kufuli. Laibrari ikishakuwa faili la .so au .dll, fankshani ya C inabaki na jina lake tu nje, hamna sehemu yoyote iliyoandikwa kwamba parameta ya kwanza ni const, hata idadi ya parameta haimo. Python inaita jina, inatuma namba na anwani, basi.

C++ yenyewe ina kisa kidogo. Yenyewe inaingiza aina za parameta ndani ya jina la fankshani, kwenye Linux fankshani inayopokea const char * jina lake la ndani linaishia na PKc na isiyo na const linaishia na Pc, hiyo K ndio const. Ndio maana ukiweka const kwenye heda ukaisahau kwenye faili la pili, linka inayounganisha mafaili inakwambia fankshani haipo na wewe unaiona ipo hapo mbele yako. Lakini ukishaweka extern "C" ili lugha nyingine ziweze kuita, hiyo K inafutika na unarudi palepale kwenye chaki.

Kurekebisha. Upande wa C, rafiki yako atengeneze kopi kwanza kwa strdup, akate ile kopi, akimaliza aifute kwa free humohumo ndani ya laibrari yake, asikuachie wewe wa Python ukaifute. Au aachane na strtok kabisa atembee na strcspn inayopima tu koma iko umbali gani bila kugusa chochote, mimi ndio napenda hii. Upande wako, andika argtypes na restype (aina za parameta na aina ya jibu) kwa kila fankshani, hilo sio la hiari, maana usipoweka restype ctypes inadhani jibu ni int na kama jibu ni pointa kwenye mashine ya biti 64 inakatwa nusu. Na kama kuna fankshani unajua kabisa inaandika kwenye stringi, itumie create_string_buffer na utengeneze mpya kila unapoita, usiipe bytes.

Bei zako za kilo je? Kama unazituma kwa mtindo wa c_double mara n ukamwaga listi ndani, usiwe na wasiwasi, hiyo tayari ni kopi, C akiivuruga listi yako ya Python iko salama. Ila ukihamia numpy, laibrari ya Python ya hesabu za array, ukawa unatuma anwani ya array yenyewe, hapo ni memori moja mnachangia, na usije ukadhani kuweka flags.writeable kuwa False kutakuokoa, hiyo inamzuia mtu wa Python tu, C hata haiijui.

Swali: Habari bro. Niko mwaka wa tatu hapa Nyegezi, na wenzangu tunatengeneza app ya Android ya nauli na ratiba za vivuko vya kwenda Ukerewe na Sengerema. Sisi tunaandika Kotlin ila kuna klasi za ripoti za Java tumezikuta kwenye mradi wa zamani. Tunaipa methodi ya Java List ya safari, kwenye Kotlin List haina add wala remove, na Java nayo wameandika final kwenye parameta. Ripoti ikishatoka, kwenye skrini yetu safari zimejipanga upya kwa bei badala ya muda! Final inafanya kazi gani sasa? *Mwanafunzi, Nyegezi*

Jibu: Salama kabisa mwanangu. Final kwenye parameta ya Java inafanya kazi moja ndogo sana, inazuia hicho kijina cha parameta kisipewe kitu kingine ndani ya methodi. Kilichomo ndani ya kitu chenyewe haikihusu. Kwa hiyo methodi inaweza ikapanga listi, ikaifuta, ikaongeza, na final imekaa hapo inaangalia. Java wana neno const limehifadhiwa tangu mwanzo lakini halijawahi kupewa kazi, ukiliandika kompaila inagoma, kwa hiyo usitegemee kupata kule kitu kama cha C++.

Na ile List ya Kotlin isiyo na add, hiyo ni kompaila ya Kotlin inakunyima wewe. Ikishakuwa baitkodi, List na MutableList zote ni java.util.List ileile. Mtu wa Java anaiona nzima na add yake na sort yake. Na hapo kuna mtego mdogo, ukitengeneza kwa listOf yenye vitu kadhaa unapata listi ya aina inayokataa add kwa kutupa eksepsheni lakini inakubali kupangwa, ndio maana hamkuona kosa lolote jekundu, ripoti ikaita Collections.sort, ikapanga listi yenu, na skrini yenu inasoma listi hiyohiyo.

Mna njia mbili. Ya kwanza mpeni Java kopi, andikeni safari.toList() pale mnapoita, inatengeneza listi nyingine na wao wapange wanavyotaka. Ya pili ifungeni na Collections.unmodifiableList, hapo sort ikijaribu inapata UnsupportedOperationException. Wakati wa kutengeneza mimi ningetumia hii ya pili ili mvunjaji ajulikane ni nani na mstari gani, halafu kwenye app inayoenda kwa watu ningeweka kopi, maana abiria wa Nansio anayewahi kivuko hataki kuona app imejifunga kwa ajili ya mambo yenu ya listi. Na zote mbili hazilindi safari zenyewe zilizomo ndani, kama klasi ya Safari ina var nauli, Java itaita setNauli na itabadilika kote. Fanyeni val.

Mkishuka mpaka C++ kwa JNI, daraja la Java kwenda C na C++, ni hadithi ileile ila kuna adabu zake. GetStringUTFChars inakupa const char *, usiikasti, isome, kisha uirudishe kwa ReleaseStringUTFChars. Kwa array za baiti ambazo mnasoma tu, rudisheni kwa JNI_ABORT ambayo inasema mabadiliko yasinakiliwe kurudi Java, lakini angalizo, hiyo inasaidia tu kama mashine ilikupa kopi, ikikupa memori yenyewe ulichoandika kimeshaandikika.

Swali: Fundi mwenzangu habari za kazi. Nina mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Rwagasore, mfumo wao wa mauzo ni Delphi ya zamani, mahesabu yote yako kwenye DLL. Nimejenga skrini mpya kwa C#. Procedure moja inapokea rekodi ya bidhaa kama const, ilikuwa na sehemu moja tu, namba ya bidhaa, na ilikuwa inakubali. Tumeongeza punguzo na idadi, pande zote mbili nimelinganisha sehemu kwa sehemu, sasa ikiitwa inakufa na access violation, kosa la kugusa memori isiyoruhusiwa. Nimeangalia mpaka macho yanauma. *Fundi wa Mabatini*

Jibu: Njema ndugu yangu, pole na kazi. Hili mimi naliona ndio baya kuliko yote kwenye barua za safari hii, kwa sababu hamna aliyekosea sehemu yoyote inayoonekana.

Const ya Pascal na const ya C zinafanana sura tu. Kwenye C, const haibadilishi kitu kinavyosafiri, ukiandika thamani inakwenda thamani, ukiandika pointa inakwenda anwani. Kwenye Delphi ukiandika const unaiambia kompaila mambo mawili kwa pamoja, kwamba hutabadilisha, na kwamba ichague yenyewe njia ya kuipitisha. Rekodi ndogo inayoenea mahali pa namba moja inaituma yenyewe, rekodi ikiwa kubwa inatuma anwani yake. Wewe ulipokuwa na sehemu moja ilikuwa inakwenda kama thamani, C# yako ikatuma thamani, mkaelewana. Ulipoongeza punguzo na idadi, Delphi ikahamia kwenye anwani kimyakimya, C# bado inatuma thamani, Delphi inachukua namba ya bidhaa inadhani ni anwani ya memori, inaenda kuigonga, programu inakufa.

Dawa ni kutoiachia kompaila uamuzi kwenye kitu chochote kinachotoka nje ya DLL. Kwenye Delphi mpya unaweza kuandika const [Ref] inayolazimisha anwani, kwenye Free Pascal kuna constref tangu toleo la 2.6. Delphi ya kwako umesema ya zamani, basi tangaza parameta kuwa pointa ya rekodi waziwazi na uisome kupitia pointa, sio nzuri kwa macho lakini kila mtu anajua kinachopita. Upande wa C# parameta hiyo iandike in, ipo tangu C# 7.2 ya mwaka 2017, inatuma anwani, au ref kama kompaila yako ni ya zamani zaidi. Kumbuka tu kwamba in nayo inakuzuia wewe wa C#. Struct yenye namba tupu haitengenezewi kopi inapovuka, inashikiliwa mahali pake na anwani yake halisi inatumwa, kwa hiyo Delphi ikiamua kuandika itaandika.

Na kama kuna procedure humo inapokea const s: string, itoe leo. String ya Delphi ina hesabu ya warejeleaji (idadi ya wanaoitumia) na meneja wake wa memori, C# haijui chochote kuhusu hayo, tumia PWideChar. Kinyume chake pia, usimpe mtu wa nje string ya C# ili aandike ndani yake, zile hazitakiwi kubadilika kabisa na zikibadilika unaharibu mambo mbali na pale ulipo, mpe StringBuilder au array ya char.

Swali: Kaka, je nikiweka const kila mahali programu inakuwa na spidi zaidi? *Wa Igoma*

Jibu: Kwenye C na C++, kwa pointa, karibu hamna. Kompaila haiwezi kuamini kwamba kitu hakitabadilika kwa sababu tu pointa yako ina const, kunaweza kuwa na pointa nyingine isiyo na const inayoelekea hapohapo. Wanaosema const std::string& inaongeza spidi wanasahau kwamba kinachookoa kopi pale ni ile &. Delphi ndio kuna faida ya kweli kidogo, const kwenye string inaondoa kazi ya kuongeza na kupunguza hesabu ya warejeleaji kila unapoita.

Swali: Fundi, kwenye heda naandika int kilo au const int kilo? Mkuu wangu wa kazi anataka const. *Dada wa Buhongwa*

Jibu: Mwambie mkuu kwa heshima zote kwamba kwa anayeita hamna tofauti, int inapitishwa kopi, ukiibadilisha umebadilisha ya kwako. Kwa C na C++ hizo mbili ni fankshani moja. Iweke kwenye faili la ndani kama inakusaidia usiigeuze kwa bahati mbaya, kwenye heda iache, inajaza nafasi tu na anayekuja kutafsiri heda kwenda lugha nyingine anaanza kujiuliza maswali.

Swali: Shikamoo. Nasomea mambo ya maji ya ziwa, nimerithi modeli ya joto la maji iliyoandikwa kwa Fortran, naiita kutoka C. Nimetuma kina cha maji kikiwa const kabisa upande wa C, nikirudi kimebadilika. Naambiwa Fortran ni ya kizee niachane nayo. *Mtafiti mdogo, Ilemela*

Jibu: Marahaba. Usiachane nayo, hesabu za namna hiyo Fortran bado inazijua vizuri sana kuliko hao wanaokucheka. Ila ujue kwa kawaida Fortran inapitisha kila kitu kwa anwani, hata namba moja. Zamani kulikuwa na kompaila ambazo ukimpa subrutini namba 4 iliyoandikwa hivyohivyo na yenyewe ikaibadilisha, basi 4 zote zilizobaki kwenye programu zinakuwa kitu kingine, watu wazima wamelia kwa hilo. Na kwako ni baya zaidi kidogo, maana kitu ulichokitangaza const tangu kuzaliwa kwake kikibadilishwa, kompaila ya C ina ruhusa ya kufanya lolote, inaweza mstari mmoja ikasoma thamani mpya na mstari unaofuata ikatumia ile ya zamani iliyoikariri.

Modeli ikiwa inakubali Fortran 2003 andika subrutini ya kupokelea yenye bind(C) kupitia iso_c_binding, namba za kawaida uzipe sifa ya value ili zije kama kopi, na array uziwekee intent ya IN (ya kusomwa tu), hapo kompaila ya Fortran yenyewe itakataa mstari wowote wa ndani ya subrutini hiyo unaojaribu kuandika kwenye array hizo. Subrutini hiyo ndio iite ile ya zamani, na kama ya zamani haina intent yoyote basi uipe kopi uliyoitangaza ndani, usiipe parameta yako. Usiende kupanga upya modeli nzima kwa ajili ya hili, anza kwa kuweka intent kwenye subrutini zile unazoziita kutoka C, kompaili, na soma makosa yatakayotoka, kama mstari unaobadilisha kina uko kwenye subrutini hizo, utauona humo.